Nishati kwa kila shilingi imeshuka 20%: ni ufanisi au viwanda vimebadilika tu?

mchumi_dodoma: Wakuu, nina mfano wa darasani wenye sekta mbili. Mwaka wa kwanza saruji ni 40% ya pato na inakula megajuli 10 kwa kila shilingi elfu. Nguo ni 60%, megajuli 2. Mwaka wa mwisho saruji 25%, bado 10. Nguo 75%, zimefika 2.2. Wastani umetoka 5.2 hadi 4.15. Naruhusiwa kuandika kwamba ufanisi umepanda?

logi_asilia: Hapana, mkuu. Saruji hawajaokoa chochote, na nguo wamezidi kula. Shikilia 10 na 2 za mwanzo, badilisha mgawo tu: 2.5 + 1.5 = 4.0. Muundo peke yake umeshusha 1.2. Sasa shikilia mgawo wa mwanzo, badilisha matumizi: 0.6 × 0.2 = +0.12. Ukijumlisha unapata −1.08, ilhali kushuka halisi ni 1.05. Hiyo 0.03 ni mabaki, na mabadiliko yakiwa makubwa inavimba mpaka inaharibu ripoti.

LMDI, yaani mbinu ya kugawa badiliko kwa visababishi vyake kwa kutumia wastani wa kilogariti, haiachi mabaki. Kwa kila sekta chukua E = mgawo × matumizi, E1 ya mwanzo na E2 ya mwisho; uzito wake ni (E2 − E1) ÷ ln(E2/E1), ln ikiwa logariti asilia. Uzidishe kwa ln(mgawo mpya/wa zamani) upate athari ya muundo, na kwa ln ya matumizi upate ya ufanisi. E2 ikilingana na E1, uzito ni E yenyewe. Penye sifuri weka namba ndogo mno, mfano 10⁻¹⁰, la sivyo Excel inagoma.

tanuri_kavu: Hesabu safi, ila "saruji" ni kapu kubwa mno. Tanuri kavu lenye kipasha-awali (malighafi huingia ikiwa unga mkavu uliokwisha kupashwa moto) hula takriban gigajuli 3 hadi 3.5 kwa tani ya klinka, yale madonge yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. La tope, ambamo malighafi huingia na maji, 5 hadi 6. Kusaga ni kWh 30 hadi 40 tu kwa tani. Kiwanda kikizima tanuri kikaagiza klinka nje, jedwali lako litakipongeza, kumbe makaa yanachomwa nchi nyingine. Tenganisha kuchoma na kusaga, na upime kwa tani, si shilingi.

mchumi_dodoma: Shukrani. Mgawo nimetumia bei za kila mwaka, kuna shida?

logi_asilia: Kubwa. Bei ya saruji ikishuka, mgawo wake unashuka hata tani zisipopungua. Tumia bei za mwaka mmoja wa msingi, na usiunganishe mifululizo miwili ya takwimu yenye miaka tofauti ya msingi: Kenya ilipobadili mwaka wa msingi 2014, Pato la Taifa liliongezeka takriban 25% kwenye karatasi, bila mota hata moja kubadilishwa.