Naomba ushauri: nibadilishe shotigani yangu kwa Winchester 94 iliyotumika?

Mkazi wa Nyegezi
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninamiliki kihalali shotigani ya mitutu miwili inayonitosha kwa kanga na kware, lakini msimu ujao nakusudia kuomba kibali cha kuwinda swala. Muuza silaha mmoja hapa mjini yuko tayari kuichukua na kunipa raifoli ya Winchester 94 inayotumia risasi za saizi ya .30-30, ile ya kukoki kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio, endapo nitamwongezea shilingi 900,000. Anadai ilitengenezwa kabla ya 1964. Namba yake ya kiwandani imevuka 3,000,000. Kitako kina mikwaruzo tu, ila bodi ya chuma, yaani sehemu ya kati yenye mitambo, imebanduka rangi na ina madoa ya kutu. Je, nyongeza hiyo ni ya haki?

Fundi wa Pasiansi
Mkuu, namba hiyo inamkana muuzaji, kwa kuwa za kabla ya 1964 ziko chini ya 2,700,000, na hizo ndizo zinazotafutwa kwa bei kubwa. Zilizofuata zilipunguziwa gharama, na bodi zake ni za chuma kisichoshika vizuri rangi ya kawaida ya kuzuia kutu, hivyo kwa unyevu huu wa ziwani utakuwa mtu wa kuifuta mafuta kila mara. Haina maana kwamba ni mbovu. Hakikisha haina risasi, fungua wenzo, weka karatasi nyeupe penye chemba, kisha uchungulie mtutu: mifereji ya ndani inayozungusha risasi iwe na kingo kali, pasiwe na vishimo.

Msengerema
Kwa swala wa mita 100 inatosha. Nyati sahau. Darubini ya kulengea nayo itakusumbua kuifunga juu yake, maana za miaka hiyo hutupa maganda kwa juu.

Mzee wa Kirumba
Kijana wangu, ningeuliza risasi kwanza. Magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu, risasi zikifuatana ncha kwa kitako, kwa hiyo hutumia zenye ncha bapa. Iliyochongoka inaweza kugonga kiwashio kilicho kitakoni mwa iliyo mbele yake na kuilipua humo humo. Zisipopatikana hapa, umenunua pambo. Tena usikabidhi shotigani kabla polisi hawajaidhinisha umiliki wa hiyo nyingine, kwani leseni haihami kutoka silaha moja kwenda nyingine.

Mkazi wa Nyegezi
Shikamoo mzee, na ahsante fundi. Dukani kuna boksi mbili tu za risasi, na muuzaji hajui nyingine zitaingia lini. Nitamwonyesha habari ya namba. Asipokubali kubadilishana bila nyongeza, na boksi zote mbili zikiwa sehemu ya makubaliano, nitabaki na shotigani yangu.