Naomba ushauri: resini inagoma kutembea kwenye moldi na baridi hili la Mbeya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada nimekwama. Nina karakana ndogo ya faiba hapa Uyole, nina oda ya mtumbwi wa mita 4 wa kwenda Matema. Nimezoea brashi na rola ila safari hii natumia vakyumu, faiba kavu kwenye moldi (kalibu ya umbo la mtumbwi), nailoni juu, pampu inavuta hewa na resini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) inaingia yenyewe.

Sasa asubuhi humu ndani ni nyuzi 11, epoksi, ndiyo resini ninayotumia, inakuwa nzito kama asali, ilifika nusu ya moldi ikasimama, mbele faiba ikabaki nyeupe kavu kabisa, nikatupa kipande chote na hiyo resini si bei ndogo jamani. Mara ya pili nikaweka galoni kwenye beseni la maji ya moto mpaka nyuzi 40, ikawa nyepesi kweli, nikatia hadna (dawa ya kuigandisha) kwa kupima na mzani, kidogo tu ndoo ikaanza kufuka moshi ikagandia humohumo, na ile iliyowahi kuingia ilipogusa moldi ya baridi ikawa nzito tena. Leki ya hewa sio, nilizima pampu nusu saa na geji haikucheza.

Naombeni kujua, nipashe moldi yenyewe badala ya resini, na ifike nyuzi ngapi? Jiko la mkaa naliogopa kwa huu mvuke. Na hadna ya polepole itanisaidia au niongeze tu mipira ya kuingizia resini?