Naomba ushauri: kumwachia msaidizi WhatsApp ya duka bila kumwachia pesa

Wakuu, duka ni la viatu vya mtumba, mauzo yote ni WhatsApp na Instagram, oda 15 hadi 20 kwa siku, Dar na mikoani. Nataka msaidizi ajibu wateja na kufunga mizigo. Bei na manunuzi nabaki nayo.

WhatsApp Business inaruhusu kuunganisha vifaa vinne vya ziada, hivyo atatumia simu yake bila kushika laini (ingawa namba zote za wateja ataziona). Malipo ni Lipa Namba tu. Mzigo hautoki kwa picha ya muamala, maana zinaghushiwa. Msaidizi atasubiri niandike "imeingia". Hapo ndipo pagumu: asubuhi nikiwa soko la Karume nachambua viatu, uthibitisho unachelewa, boda anasubiri mlangoni, mteja anaghairi.

Nimwachie kitochi chenye laini inayopokea meseji za malipo, bila kumpa PIN? Au kuna njia salama zaidi?

Na malipo yake: mshahara au kamisheni kwa oda iliyofika? Kamisheni naiogopa. Mtumba ni pea moja moja. Akikimbilia idadi, pea moja ya namba 42 ataiahidi kwa watu wawili.