Arifa za Linux zinapogoma kutokea: tupeane uzoefu

Kalobe: Wadau, kuna kijana kaniletea laptopu yenye Xubuntu, aina ya Linux inayotumia eneo-kazi la XFCE. Meseji zinaingia ila hakuna kinachochomoza pembeni ya skrini. Nani yamemkuta, na alitokaje?

Binti Kihesa: Kamwene. Mimi sitasahau. Naandika utafiti wangu wa chuo hapa Iringa, mvua inamwagika, umeme umekatika tangu asubuhi, nimebaki na betri. Siku zote ikikaribia kwisha kiboksi hutokea juu kulia, nakimbilia kwa jirani mwenye sola. Siku ile kimya. Nimezama kwenye majedwali ya wakulima wa chai wa Mufindi, mara kioo cheusi. Umeme uliporudi, LibreOffice ikanirudishia kazi ya mchana tu. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango! Kumbe aliyeniwekea mfumo aliacha programu mbili za arifa, dunst na xfce4-notifyd. Kwenye D-Bus, njia ambayo programu huwasiliana, jina la huduma ya arifa, org.freedesktop.Notifications, hushikwa na moja tu kwa wakati mmoja. Lilikuwa limeshikwa na dunst, nayo imesimamishwa kwa muda (paused).

Uyole Juu: Pole sana dada. Majedwali ulipata?

Binti Kihesa: Nilirudi Mufindi kuhoji upya.

Msafwa: Ndiyo maana nasema hamieni KDE, eneo-kazi lenye kila kitu ndani, mambo ya kuungaunga yaishe.

Fundi Mwanjelwa: KDE kwenye mtumba wa RAM 2 GB, kaka? Wateja wangu wengi ndizo wanazo. Usimtishe mtu abadilishe mfumo mzima kwa kiboksi kimoja.

Msafwa: Mimi ninayo na inakwenda.

Fundi Mwanjelwa: Inakwenda mpaka ufungue kivinjari. Kalobe, andika kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, `notify-send "Habari"`. Kikitokea, ubovu uko kwenye programu ya meseji. Kisipotokea, `busctl --user status org.freedesktop.Notifications` itakuonyesha nani kashika jina. Ikiwa ni dunst, jaribu `dunstctl set-paused false`. Na kwenye XFCE angalia kitufe cha Usisumbue kabla ya yote, wengi wanapona hapo hapo.

Tukuyu: Kweli kabisa. Kitufe.

Mafinga Mbao: Mimi nilihangaika na cron, ile inayoendesha kazi kwa ratiba. Skripti nikiiendesha kwa mkono, arifa inatokea; cron ikiiendesha, hamna. Cron haijui anwani ya D-Bus ya kikao chako. Juu kabisa ya krontabu, faili la ratiba za cron, niliweka `DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus`. Hiyo 1000 ni namba yako ya mtumiaji, ithibitishe kwa `id -u`.

Msafwa: Au washa upya tu.

Kalobe: Ilikuwa Usisumbue, asanteni. Ila habari ya dada imenikaa.

Fundi Mwanjelwa: Kwa nchi yetu ya mvua na umeme huu, kazi ya chuo usiikabidhi kwa kiboksi. Fungua `/etc/UPower/UPower.conf`, faili la mipangilio ya betri, weka PercentageLow 20, PercentageCritical 15 na PercentageAction 10 (zisiposhuka kwa mpangilio huo itarudi kwenye za awali), na CriticalPowerAction iwe Hibernate, mradi swapu, nafasi ya akiba kwenye diski, inatosha kubeba RAM na `systemctl hibernate` inafanya kazi ukiijaribu. Hapo mashine inahifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima yenyewe, arifa itokee isitokee.