Miaka 26 bila piano: mikono inakumbuka, macho yamesahau nota

MkungaWaRau (Moshi)

Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri kwa wanaopiga piano ya kusoma nota, siyo kodi (zile nota kadhaa zinazobonyezwa pamoja kusindikiza wimbo).

Mimi ni mkunga, nina miaka 43. Kuanzia darasa la nne hadi kidato cha nne nilifundishwa piano na mama mmoja Mjerumani pale misheni kwetu, upande wa Marangu. Alikuwa mkali wa vidole: ukipiga nota sahihi kwa kidole kisicho chake, unarudia. Nilipoingia chuo cha uuguzi nikaacha, na tangu hapo ni zamu, ndoa, watoto.

Mwezi wa pili kwaya ya jirani ilikuwa inauza kinanda chake cha zamani, cha funguo 61, nikakinunua. Kimekaa sebuleni kati ya friji na meza ya kupigia pasi. Usiku wa kwanza, watoto wamelala, nikavaa hedifoni, nikaweka mikono, na bila hata kufikiri ikatoka Invenshoni ya kwanza ya mtunzi Bach, kipande kifupi cha sauti mbili, ile ya C. Machozi yalinitoka. Mkono wa kulia ulianza, wa kushoto ukafuata nyuma yake, kama nilipiga jana. Nilipofika kipimo cha 7 (kile kisehemu cha saba kati ya mistari ya wima), mikono yote miwili ikasimama. Sikukosea nota. Hakukuwa na kitu tu. Nikarudi mwanzo, nikasimama palepale. Kitabu bado ninacho, nikakifungua: mistari ya juu naisoma pole pole, lakini ya chini, ya klefu ya besi (alama ya sauti nzito), nahesabu mstari mmoja mmoja kwa kidole.

Kwa siku napata dakika 20, zikizidi sana 30. Wiki ya zamu ya usiku sipati hata hizo. Je, nianze upya na vitabu vya watoto, au nishikilie hiki ninachokipenda? Na kinanda hiki kitanifikisha? Nataka kuurudia muziki huu vizuri, siyo kugusagusa.

Mwalimu_UsaRiver

Pole na zamu dada, na hongera sana. Nilisoma muziki pale Makumira, sasa nafundisha piano huku Usa River, na baadhi ya wanafunzi wangu ni watu wazima wenye kazi zao. Hilo la kusimama katikati nimeliona mara nyingi. Ulikariri kwa mwendo wa vidole, nota moja inaita nyingine, na mnyororo ukikatika huna pa kuingilia.

Na kipimo cha 7 kina sababu yake. Hapo Bach ameshahamia ufunguo wa G, yaani G ndiyo do, na anauanza upya wimbo uleule, ila safari hii mkono wa kushoto ndio unatangulia na wa kulia unafuata. Wako wa kushoto ulizoea kufuata.

Kwa hiyo usianzie mwanzo. Wiki hii piga kipimo cha 7 na cha 8 peke yake, kushoto tu, huku ukitaja namba za vidole kwa sauti, gumba 1 hadi kidole cha mwisho 5. Pole pole kiasi kwamba huwezi kukosea. Kisha nenda kwenye vipimo viwili vya mwisho, 21 na 22, halafu 19 na 20, ukirudi nyuma hivyohivyo. Ukishakuwa na sehemu nne tano za kuingilia, hata ukipotea unajua pa kurudi.

Kuhusu kusoma: dakika 5 kila siku chukua kitu rahisi mno, mfano vipande vidogo vya lile daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, la mwaka 1725. Soma mara moja, ukikosea endelea, kesho chukua kingine. Ukikirudia kile kile, vidole vitakariri na macho yatalala tena.

Kinanda chako kinatosha kwa Invenshoni zote 15. Vinanda vya enzi za Bach havikufika funguo 88 za piano ya leo. Shida yake ni wepesi. Funguo zisizo na uzito hazikufundishi sauti ndogo na kubwa kutoka mkononi. Weka akiba taratibu ununue cha umeme chenye funguo 88 za uzito. Piano ya mbao usiikimbilie. Ina nyuzi zaidi ya 200, mbao inavuta unyevu wakati wa masika na kukauka kiangazi, sauti inahama, na fundi wa kuitiyuni utamtafuta mbali.

KodiTu_Njoro

Dada yangu, mtu wa zamu Bach atamchosha. Shika kodi nne, C, F, G na A ndogo (A minor), miezi mitatu unapiga ibadani na watu wanaimba.

MkungaWaRau

Asante kaka, na wapiga kodi nawaheshimu, Jumapili ndio wanaotuimbisha. Ila kinachonivuta mimi ni zile sauti mbili zinazojibizana, kila mkono na neno lake. Hicho ndicho nilichokikosa miaka yote hii.

Besi_Majengo

Mama, bila shaka umeimba kwaya. Basi tumia solfa. Kulia kunaanza: do re mi fa re mi do, so. Sasa kipimo cha 7 ita G kuwa do, halafu imba mkono wa kushoto. Utakuta ni do re mi fa re mi do, so, neno kwa neno. Do imehama nyumba tu. Na Bach mwenyewe, kwenye ukurasa wa mbele wa mwaka 1723, aliandika kuwa mpigaji ajifunze kupiga sauti mbili kwa usafi, na zaidi ya yote apate upigaji unaoimba. Imba kwanza, ndipo upige.

MkungaWaRau

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mbili kati yake zilikuwa za usiku, kwa hiyo kinanda nimekigusa siku tisa tu. Lakini solfa haihitaji umeme. Saa kumi alfajiri, wodi imetulia, najaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, huku naimba kipimo cha 7 kwa pumzi tu, na vidole vya kushoto vinakibonyeza kwenye paja. Nilipokaa kwenye kinanda, mkono ulikuwa unajua unakokwenda.

Juzi nimepita pale mara tatu mfululizo, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa mapigo 50 kwa dakika. Kipimo cha 8 kidole cha 4 bado kinachelewa, na klefu ya besi naanza kuitambua bila kuhesabu, walau nota zilizo karibu na F.

Mwalimu, Jumamosi una nafasi? Nauli ya kosta hadi Usa River naimudu mara mbili kwa mwezi, na zamu yangu ya mwezi ujao naijua tayari.