"Had" imekusumbua wapi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko kidato cha pili, kila jambo la jana akilisema kwa Kiingereza analipachika "had". "Yesterday I had gone to school." Nimemwambia past perfect, yaani hiyo "had" na kitenzi chake, haisimami peke yake, inataka tukio jingine lililopita la kuegemea. Kanitolea macho. Nyie mliielewaje? Leteni visa, kanuni za vitabuni tunazo.

Ticha wa Kata: Mimi huwa naanzia na Kiswahili. "Tulipofika stendi basi liliondoka" na "tulipofika stendi basi lilikuwa limeshaondoka", wapi tuliliona basi kwa macho? Darasa zima linajibu. Ndipo naandika ubaoni "the bus left" na "the bus had left". Penye "lilikuwa limesha" weka "had". Kinachobaki kuwatesa ni kitenzi kinachofuata: "had went", "had ate", "had wrote". Hapo hakuna ujanja, ni kukariri tu gone, eaten, written.

Bawabu Nyali: Msidhani ni mambo ya darasani pekee. Sisi walinzi kila tukio laandikwa kwenye OB, daftari la matukio, tena kwa Kiingereza. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliandika "When I reached the gate, the thief jumped over the wall." Asubuhi meneja akamkalia kooni: ulimwona akiruka, mbona hukupuliza firimbi? Kumbe jamaa alikuta ndara moja tu chini ya ukuta, mwenyewe ashatoweka kitambo. Alijieleza wee, lakini maandishi yashamfunga. Akala barua ya onyo. "Had jumped" ingemwokoa.

Mpemba Muscat: Duh, pole yake. Huku wasimamizi wetu wengi ni Wahindi, na "I had told you yesterday" ni msemo wao wa kila siku, hata jambo likiwa moja tu. Kazini tunaelewana, siwacheki. Ila anayejiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, asiibebe.

Mwanzisha uzi: Ticha, na kwenye "after" je?

Ticha wa Kata: "After he ate, he slept" inatosha, maana "after" imeshapanga foleni. "Had eaten" si kosa, si lazima tu. Pasipo na neno la kupanga ndipo "had" inapobeba mzigo wote.

Mtahiniwa: Na wa mitihani wenzangu: "No sooner had we sat down than the lights went out." Ni than. "When" ni ya "hardly".

Bawabu Nyali: Mwalimu, "she had had tea" ni sawa ama ni kigugumizi?

Ticha wa Kata: Sawa kabisa. Ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ndiyo iliyokunywa chai.