Wakala anataka nitoke kwenye ajira niwe mkandarasi binafsi. Nisaini au nikatae?

FundiMitandao
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri, tena wa haraka, maana Ijumaa natakiwa nipeleke jibu.

Nina miaka miwili na miezi mitatu nafanya kazi ya mitandao ya kompyuta kwenye kampuni moja, lakini kwenye karatasi mwajiri wangu ni wakala wa ajira. Mikataba ni ya miezi mitatu mitatu, huu nilio nao ni wa kumi. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Anayenipangia kazi ni meneja wa pale, kompyuta ni yao, kitambulisho cha mlangoni ni chao. Likizo nalipwa, nikiugua nalipwa, na mchango wa pensheni unapelekwa.

Wiki iliyopita wakala kaniita. Anasema kuanzia mwezi ujao watu wote wa fani yangu wanageuzwa kuwa wakandarasi binafsi. Nitakuwa napeleka ankara kila mwisho wa mwezi, na malipo yangu ya siku yanapanda kwa asilimia 10. Kuna kipengele kimoja kimeninyima usingizi: malipo yatafanyika baada ya wakala kupokea fedha kutoka kwa mteja. Hapo hapo meneja wa kazini amenidokeza kuwa angependa waniajiri moja kwa moja, ila wakala ana masharti yake.

Nina mtoto wa miezi minne. Sitaki kukosea.

MhasibuMtulivu
Hongera kwa mtoto, mkuu. Usisaini bado, kwanza tupige hesabu.

Mwaka una wiki 52, kwa siku tano za kazi ni siku 260, na sasa hivi zote unalipwa. Toa siku 20 za likizo, 10 za sikukuu na 5 za kuugua (weka zako halisi), unabaki na 225. Ukiwa mkandarasi utalipwa hizo 225 tu. Ziongeze asilimia 10, unapata sawa na siku 247 na nusu za malipo ya sasa. Kwa hiyo hiyo "nyongeza" inakupotezea siku 12 na nusu kwa mwaka. Na hapo hujalipia bima, hujaziba ule mchango wa pensheni ambao mwajiri alikuwa anakuwekea, wala hujamlipa mtu wa kukuandalia hesabu za kodi. Ili ubaki pale pale ulipo kwa upande wa siku peke yake, unahitaji nyongeza ya karibu asilimia 16.

Na ukija kusaini, kodi itakuwa juu yako. Kila malipo yakiingia, tenga fungu la kodi kwenye akaunti nyingine siku hiyo hiyo. Nimeona watu wengi wazuri wakilia mwisho wa mwaka kwa kulisahau hilo.

NimepitiaHuko
Hicho kipengele cha kulipwa baada ya mteja kulipa kiogope kweli. Mimi nilikisaini. Mteja akachelewa siku 70, na kila nikipiga simu kwa wakala najibiwa "bado hawajatulipa". Kodi ya nyumba haikungoja. Nilikopa kwa ndugu watatu, na mmoja hadi leo hatuko sawa.

Omba kiandikwe hivi: wakala atalipa ndani ya siku 30 tangu apokee ankara, mteja awe amelipa au hajalipa. Wakala anamtoza mteja zaidi ya anachokulipa wewe, na sehemu ya tofauti hiyo ni ujira wake wa kubeba ucheleweshaji. Sasa akikutupia wewe mzigo huo, tofauti anabaki nayo ya nini?

Halafu karatasi ya saa za kazi isainiwe na meneja kila wiki, nakala ubaki nayo nyumbani. Ukigombana na wakala huna ushahidi mwingine.

AfisaKaziZamani
Ndugu, nijibu kabla sijaendelea. Ukishakuwa mkandarasi, utaruhusiwa kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? Utachagua saa zako? Utachukua wateja wengine?

FundiMitandao
Hapana kwa yote matatu. Nimeuliza, wakasema kazini hakibadiliki kitu.

AfisaKaziZamani
Basi jina tu ndilo linabadilika. Shirika la Kazi Duniani lina Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006 kuhusu uhusiano wa ajira. Linataka mtu atazamwe kwa jinsi kazi inavyofanyika kweli, hata kama mkataba unamwita vingine. Dalili zimetajwa humo: unafanya chini ya maelekezo ya mwingine, kwa saa na mahali alipopanga yeye, vifaa ni vyake, unalipwa kwa vipindi maalumu, na hicho ndicho chanzo chako kikuu cha kipato. Wewe unazo karibu zote. Pendekezo lenyewe si sheria, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya nchi yako au nenda kwa afisa kazi aliye karibu nawe, lakini mahakama na mamlaka za kodi sehemu nyingi hutumia vigezo vya aina hiyo.

Jambo la pili, mkataba ulio nao sasa unaisha lini? Mkataba ambao haujaisha haubadilishwi na upande mmoja.

DadaWaGhala
Mimi nitasema la kuumia, maana naona hakuna aliyeligusa. Nilipelekwa ghalani na wakala, mlango ukanibana vidole viwili. Kampuni ya ghala ikasema mimi si mtu wao. Wakala akasema ajali imetokea kwa mteja. Nilizunguka miezi mitano na bandeji mkononi. Na nilikuwa mwajiriwa kabisa, je ningekuwa mkandarasi?

Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unazitaka nchi zilizouridhia zigawe wazi majukumu kati ya wakala na kampuni inayomtumia mfanyakazi, na fidia ya ajali imo. Angalia kama nchi yako imeuridhia. Ila hata kama haijauridhia, wewe uliza kwa maandishi: nikiumia, nani analipa?

HuruNaKazi
Natofautiana kidogo na wenzangu. Ukandarasi wenyewe si mbaya. Mimi nina wateja watatu, saa napanga mwenyewe, na bei nilitaja mimi. Tatizo la mwenzetu ni kwamba anapewa hasara za mkandarasi bila uhuru wake.

NilikaaDawatiLaWakala
Kuhusu kuajiriwa moja kwa moja. Nimefanya kazi ndani ya wakala miaka sita. Masharti anayoyasema meneja mara nyingi yako kwenye mkataba wa wakala na kampuni: wakikuchukua, wanalipa ada. Ada hiyo inamhusu mteja, wewe hudaiwi. Na mara nyingi hupungua kadiri mtu anavyokaa, nyingine hufutika kabisa baada ya muda fulani. Kwa miezi 27 yako kuna uwezekano haipo tena na meneja hajui. Mwombe apeleke mkataba kwa watu wao wa manunuzi wausome.

Wewe nawe soma wa kwako, uone kama kuna kinachokuzuia. Alichokudokeza meneja usimwambie wakala, na usiache kazi mpaka ushike barua ya ajira mkononi.

FundiMitandao
Wakuu, nashukuru kutoka moyoni. Mrejesho wa leo Alhamisi.

Mkataba wangu wa sasa una wiki saba mbele. Nimeandika barua pepe kuwa nitaendelea nao hadi mwisho, na nimeuliza kuhusu siku 30 na kuhusu ajali. Kuhusu siku 30 wamejibu kuwa "inaweza kuzungumzika". Kuhusu ajali hawajajibu. Meneja amepeleka mkataba manunuzi, anasema nimpe hadi Jumatano. Mke wangu nimemwonyesha hesabu ya siku 225, akaniambia nisiguse kalamu.

NimepitiaHuko
Safi sana. Na karatasi ya saa ya wiki hii, umeshasainiwa?

FundiMitandao
Bado. Namfuata sasa hivi kabla hajatoka.